Mpeni mzee darasa, si lindo la usiku

Msimu wa korosho ukishaanza, Oktoba kwenda mbele, pita usiku kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika huku Mtwara, iwe Tandahimba, Newala, Masasi au Nanyamba. Penye taa moja na kiti cha plastiki yupo mlinzi. Ukimuuliza alikotokea, usishangae akikwambia ni mstaafu wa JWTZ, jeshi letu la ulinzi, au mgambo wa zamani aliyewahi kupelekwa vitani. Kijiji kinaona kimemheshimu, kimempa kazi anayoiweza. Kimempa tochi na rungu, pengine na bunduki, na usiku mzima akae peke yake.

Kwa mtu aliyerudi vitani na usingizi wa mang'amung'amu, hakuna kazi mbaya kuliko hiyo. Inamnyima usingizi aliokuwa anautafuta, inamtaka ashtuke kila jani likitikisika, na inamwachia silaha mkononi saa ambazo mawazo ndiyo yanazidi. Mwezi wa pili akianza kushinda kwenye nipa, ile pombe kali ya mabibo, tunasema jeshi lilimharibu.

Kata hiyohiyo ina kuruta wa Jeshi la Akiba, yaani mgambo, wanaopiga kwata tangu alfajiri. Kwata wanaiweza. Waulize wangapi wanaweza kuzuia damu inayoruka kwenye paja, au kuhamisha kaya 20 usiku bila kupoteza mtoto, na uwanja utanyamaza. Anayeyajua hayo amelala nyumbani mchana, maana usiku alikuwa lindoni.

Hoja yangu ni kwamba mambo haya mawili yashughulikiwe pamoja. Mafunzo yapate mwalimu, na mzee apate nafasi ya mchana, mbele ya watu, yenye jina. Lakini yana utaratibu wake, na yakifanywa ovyo yanamuumiza mzee na kuwaharibu vijana.

Mkongwe yupi?

Tunasema "wapiganaji wa zamani" kana kwamba ni kundi moja. Wapo wa Vita vya Kagera, walioondoka baada ya uvamizi wa Oktoba 1978 na wengine wakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jeshi la wakati ule lilijazwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Wengi wa mgambo wale walirudishwa vijijini vita vilipokwisha, bila pensheni ya askari wa kudumu. Mdogo wao leo anagonga miaka 65 au amepita. Hawa ni mabingwa wa kwenda kwa miguu, kuishi bila ugavi, na kuishi na raia waliokimbia makwao.

Wapo waliokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1980, waasi wa RENAMO walipokuwa wameibana serikali ya kule. Wenzao ambao hawakurudi wazima wamelazwa kwenye makaburi ya mashujaa pale Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara.

Halafu wapo wa juzijuzi: Darfur, Lebanon, Afrika ya Kati, Kongo tangu 2013, na Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, chini ya jeshi la SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) kati ya 2021 na 2024. Wengine hawajafika hata 50. Hawa wanajua mabomu ya kutegwa barabarani, mawasiliano ya redio, mikanda ya kisasa ya kubana damu, na namna ya kufanya kazi katikati ya raia kwa kanuni za maandishi. Kwa somo la jeraha, mchukue wa Kongo. Kwa somo la kuhamisha watu kwa miguu, mchukue wa Kagera. Ukiwachanganya bila kuangalia, unampa mzee wa miaka 68 somo la redio ambayo hajawahi kuishika.

Kuna watakaosema tuige ng'ambo ya Ruvuma, mto wa mpaka wetu na Msumbiji, ambako wakongwe wa vita vya ukombozi vya miaka ya 1964 hadi 1974 walishika tena bunduki pamoja na watoto wao, na Msumbiji ikaja kuwatambua kisheria kama kikosi cha wenyeji. Kule wilaya nzima zilikuwa zimetekwa, mji wa Mocímboa da Praia wenyewe ulikaa mikononi mwa waasi karibu mwaka. Sisi tuliguswa Kitaya, kijiji chetu cha mpakani kilichovamiwa Oktoba 2020, na haikuwa mzaha, lakini jeshi na polisi wapo. Kumpa mstaafu bunduki huku ni kumrudisha alikotoka. Tunachohitaji kwake ni alichonacho kichwani.

Kibali kwanza

Hapa sitarefusha, lakini usiruke. Mstaafu hawezi kukusanya vijana uwanjani akawafundisha kwata au silaha kwa hiari yake. Hilo ni kosa la jinai, hata awe na nishani kifua kizima. Mafunzo ya mgambo yako chini ya mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya, yaani ofisa wa jeshi anayesimamia mgambo, na Mkuu wa Wilaya ndiye mwenye kamati ya usalama. Kwa hiyo barua inaanzia serikali ya kijiji, inapita kwa mtendaji wa kata, inakwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, nakala kwa mshauri. Ndani yake mambo manne yaandikwe wazi: somo gani, vipindi vingapi, nani msimamizi, na posho inatoka fungu gani. Barua zinazokwama mara nyingi zimekosa hilo la nne.

Silaha zibaki kwa mshauri. Mstaafu asizifungue, asizigawe, asizitunze. Na asije na kombati. Raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa, na mstaafu sasa ni raia. Suruali ya kawaida, shati safi, na nishani zake siku ya kufunga mafunzo, basi.

Somo la damu

Likiwa moja tu la kumpa mkongwe, liwe hili. Mtu anaweza kumaliza damu ndani ya dakika tano, na toka vijiji vya kando ya Ruvuma hadi kituo cha afya bodaboda inachukua zaidi ya hapo. Na si vita tu: panga shambani, ajali ya pikipiki, mamba mtoni.

Vifaa kwa kuruta 30 ni kanga chakavu 15 (pande, si doti), vijiti 15 vya mti mgumu vyenye urefu wa kiganja na unene wa kidole gumba, na kalamu za wino mzito. Wawiliwawili.

Hatua ya kwanza ni kukandamiza. Kunja kanga iwe donge, weka juu ya jeraha, viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wa mwili ushuke. Dakika 10 kwa saa, bila kuchungulia. Kosa la kila kuruta ni kufunua baada ya dakika moja "aone kama imekata". Kila akifunua anang'oa damu iliyoanza kuganda na kazi inaanza upya.

Kama damu inaruka, au kanga imelowa ikadondoka, na jeraha liko mkononi au mguuni, usisubiri hizo 10. Funga mkanda. Chana kanga upate ukanda wa upana wa vidole vitatu. Zungusha mara mbili, vidole vinne juu ya jeraha upande wa moyoni, kamwe si juu ya goti wala kiwiko. Funga fundo moja, laza kijiti juu yake, funga fundo la pili, kisha sokota kijiti mpaka damu ikome. Funga ncha ya kijiti isirudi nyuma. Andika saa kwenye paji la uso wa majeruhi. Mkanda uachwe wazi uonekane, na usiulegeze njiani hata akilia.

Mazoezini hakuna damu, kwa hiyo kipimo ni mapigo: shika mshipa juu ya wayo wa mwenzako, sokota mpaka yapotee, kisha achia palepale. Zaidi ya dakika moja kwa mtu mzima ni mateso ya bure.

Yanayoharibika ni mawili. Kwanza, kamba nyembamba. Kamba ya nailoni au waya inakata nyama bila kubana mshipa wa ndani. Pili, huruma. Kuruta anasokota nusu, mwenzake anapiga yowe, anaacha. Mkanda wa nusunusu ni mbaya kuliko kutofunga kabisa: umeziba mshipa unaorudisha damu moyoni, ulio karibu na ngozi, lakini ule unaoleta damu uko chini na bado wazi. Damu inaingia haina pa kurudia, inatokea jerahani. Hapa ndipo mkongwe anapomzidi muuguzi wa zahanati kwa kufundisha. Ameshawahi kuona mtu anapiga yowe hivyohivyo na akaendelea kusokota, na sauti yake ikisema "kaza, ataumia na atapona," kijana anakaza.

Kinenani, kwapani na shingoni mkanda haufungiki. Hapo unasokomeza kitambaa ndani ya jeraha kwa kidole mpaka lijae, kisha unakandamiza. Kifuani na tumboni usisokomeze kitu. Funika na ukimbize hospitali.

Machela ya gunia la korosho

Hii napenda kuona ikifundishwa kwa sababu kila kitu kipo tayari. Chukua magunia mawili ya juti, yale ya kilo 80 ya chama cha msingi. Toboa pembe mbili za chini za kila gunia, tundu la kupita ngumi ya mtoto. Tafuta miti miwili mikavu yenye urefu wa mita 2.3 hadi 2.5 na unene wa kifundo cha mkono. Pitisha miti ndani ya magunia, midomo ya magunia ikutane katikati, moja liingie ndani ya jingine kiasi cha shibiri. Kisha funga vijiti viwili vya kukingama, sentimita 60 kila kimoja, kimoja kila mwisho.

Vijiti hivyo vya kukingama ndivyo wanavyovisahau. Bila hivyo, wabebaji wakinyanyua, miti inasogeleana, gunia linafumba kama ganda la kunde na majeruhi anabanwa mbavu. Kosa jingine ni viroba vya plastiki vya mbolea: vinateleza, na mshono ukiachia unaachia wote kwa mpigo. Mianzi nayo ipigwe jicho, iliyodungwa na wadudu hupasuka kwenye pingili.

Kabla ya mgonjwa, mlaze kuruta mzito kuliko wote, nyanyua hadi usawa wa goti, hesabu 30. Wabebaji wanne, wa tano anatembea kichwani akimtazama usoni na ndiye anayetoa amri. Miguu itangulie njiani, ila mlimani kichwa kitangulie. Kubadilishana zamu ni kila hatua 100, hata kama hawajachoka, kwa sababu mtu anayengoja achoke ndipo aseme huwa anasema kwa kuangusha.

Saa mbili ya nani?

Somo la kutoa taarifa linaonekana jepesi mpaka uone linavyoharibika. Maswali ni sita: wangapi, wanafanya nini, wapi, wamevaaje, saa ngapi, wamebeba nini. Zoezi lake: pitisha watu watatu umbali wa mita 200, kila mmoja na mzigo tofauti, waonekane nusu dakika. Darasa lisiandike kitu kwa dakika 10, lizungumzishwe mambo mengine, ndipo liandike. Soma majibu kwa sauti. Utapata "kundi la watu", utapata "magaidi", utapata bunduki palipokuwa na jembe.

Mzee hapo anayo kanuni moja ya kupigilia: andika ulichokiona, si unachokidhania. "Watu wanne, mabegi mgongoni, mmoja ana panga, wanashuka mtoni" ni taarifa. "Wabaya wamekuja" si taarifa. Na hapa kwetu hili lina uzito wa pekee. Ruvuma inavukwa kila siku. Wamakonde na Wamakua wako kingo zote mbili, mtu ana shamba huku na mjomba kule. Ukiruhusu lafudhi au sura iwe sehemu ya taarifa, utapigwa mtu asiye na kosa, na kesho yake ng'ambo hawatakwambia chochote hata wakiona cha kweli.

Halafu saa. Mwanakijiji akisema "saa mbili" ana maana ya saa mbili asubuhi au usiku. Askari aliyezoea redio akisikia "saa mbili" anaandika 0200, yaani saa nane za usiku. Umepoteza saa sita, na doria imekwenda wakati usio wake. Ugonjwa huohuo unaingia kwenye paji la uso wa majeruhi: umeandika 2:40, daktari asome nini? Dawa ni ndogo. Kwa mdomo, lazima useme alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kwa kalamu, tarakimu nne za saa 24, yaani saa mbili na dakika 40 za usiku ni 2040. Wafanyieni mtihani wa haraka wa dakika tano kila siku ya mafunzo mpaka iwakae, maana hili haliingii kwa siku moja.

Na simu: kando ya mto hudaka mtandao wa ng'ambo. Waonyesheni vijana kuchagua mtandao kwa mkono kwenye mipangilio. Filimbi iwepo vilevile, kwa siku ambayo hakuna mtandao wowote. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini lazima kijiji kikubaliane mapema jambo lipi: milio mitatu mirefu ni kuomba msaada, na mlio mmoja usiokoma ni kuhama. Mingine waacheni, hakuna atakayeikumbuka.

Mabomu na vimbunga

Mabomu yaliyosahaulika: kipindi kimoja kinatosha. Usiguse, usirushie jiwe, usipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Rudi kwa nyayo zako ulizojia, weka alama inayoonekana mbali na bomu, zuia watoto, piga polisi 112. Simu upigie ukiwa mbali, si hapo juu yake. Mzee asilete mfano wa kweli darasani, hata akisema "hili limekufa". Sampuli ichongwe kwa mti au ichorwe.

Vimbunga vinataka zaidi, na ndipo wa Kagera wanapong'aa. Aprili 2019 wakazi wa mabondeni na ufukweni Mtwara waliambiwa wahame, Kimbunga Kenneth kikiwa njiani. Kikapinda kikapiga Cabo Delgado. Mei 2024 Hidaya haikupinda, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika. Kwa hiyo zoezi la kuhama lifanyike kweli, jioni ya kiza, si kwenye ubao.

Liende hivi. Kila kaya tano zina kiongozi mmoja. Ana daftari lenye majina ya wazee, wajawazito, walemavu, na wagonjwa wa dawa za kila siku. Watu wanahesabiwa mara tatu: kuondoka, katikati ya njia, kufika. Watoto wanashika kamba ya mita 20 yenye mafundo, mtoto fundo, mtu mzima mbele na nyuma. Mwendo ni wa anayetembea polepole kuliko wote, naye anakaa mbele, si nyuma. Ukimwacha nyuma, kila kituo wenzake wanapumzika wakimngoja, na akifika tu wanaondoka, kwa hiyo yeye hapumziki hata mara moja. Piga hesabu ya kilomita mbili kwa saa, usizidishe.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo nyingi zina majina tu. Mkongwe akiingizwa humo kwa muhtasari wa kikao, mafunzo yakiisha bado ana kazi.

Yanayomkwaza mzee mwenyewe

Masikio. Aliyekaa na mizinga au bunduki kubwa mara nyingi hasikii sauti nyembamba, na masikio yanamlia. Kuruta wa nyuma akiuliza swali, mzee anaendelea kana kwamba hajamwona, darasa linasema ana maringo. Wapangeni nusu duara, anayeuliza asimame na ajitokeze mbele.

Vyeo. Ukiwaweka koplo mstaafu na kapteni mstaafu kituo kimoja, koplo hatafungua kinywa, hata kama yeye ndiye aliyewahi kubeba majeruhi. Kila mmoja apewe kituo chake. Vijana wamwite mwalimu, au mzee fulani, kama wanavyomwita mtaani. "Afande" libaki kwa wakufunzi wa mshauri.

Mwili. Kipindi kisizidi dakika 90, kianze saa moja na nusu asubuhi, kiishe kabla jua halijachoma. Kiti na maji viwepo. Apimwe presha na sukari zahanati kabla ya wiki ya kwanza. Wengi wao huwa hawajapima tangu waache kambi.

Siku ya shabaha. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mzee anafundisha huduma ya kwanza upande huu, mshauri anafyatua risasi baridi, zile za mlio tu, upande ule, bila kumwambia. Mwili wake haujui kuwa ni baridi. Atalala chini, au atakasirika ghafla, au atanyamaza na usiku hatalala. Ratiba ya milio apewe kwa maandishi siku tatu kabla, na awe na ruhusa ya kutokuja bila kueleza sababu. Hata fataki za siku ya kufunga mafunzo ni hivyohivyo.

Maswali. Mwambieni kila kuruta siku ya kwanza: haulizwi mtu aliua wangapi. Asimulie mwenyewe akipenda, na akikatiza katikati msimsukume amalizie. Akibadilika mbele ya darasa, jasho, macho kukodoka, mikono kutetemeka, mwenzake aliyepangwa naye amchukue pembeni kivulini, waketi mahali anapoona njia ya kutokea, amwite kwa jina, amtajie walipo na siku ya leo, wavute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Darasa liendelee na msaidizi. Ndiyo maana kila mkongwe anapangwa na mtu: muuguzi, mwalimu mstaafu, au mkongwe mwenzake wa rika moja.

Posho. Ilipwe siku hiyohiyo, kiasi kilekile kwa koplo na kwa meja. Kumwambia mzee "hii ni uzalendo" wakati mwenye spika na viti amelipwa ni tusi, na atalihesabu hivyo.

Nje ya uwanja

Darasa halitoshi kumrudisha mtu. Askari wa miaka 20 kazini anarudi kijiji ambacho mikorosho yote ina wenyewe. Kwetu huku ardhi kwa desturi hufuata upande wa mama, na mjomba aliyekuwa akimtunzia nafasi ameshafariki. Anaishi kwa wakwe akiwa na kiinua mgongo mfukoni, na kila mtu anajua. Ushauri wa kumpa ni wa kawaida sana: shamba kwanza, biashara baadaye. Akinunua, mauziano yapite kwenye serikali ya kijiji kwa maandishi na mashahidi wa pande zote za ukoo, si kwa mpwa mmoja mwenye shida ya hela. Akipanda, mita 12 kwa 12, miche 28 kwa ekari, iliyobebeshwa, ambayo TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wanaijua vizuri kuliko muuzaji wa barabarani. Mavuno ya maana hayaji kabla ya mwaka wa tatu, kwa hiyo abakize cha kulia kipindi hicho.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mzee wa miaka 65 mwenye viungo vyote hayumo. Aliyepoteza mguu au usikivu yumo kwenye hizo mbili, na wengi hawajawahi kujiandikisha kama wenye ulemavu kwa sababu ya aibu. Afisa ustawi wa jamii wa kata amfuate nyumbani, asingoje aje ofisini. Wengine njia yao ni kikundi cha mke, au VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa.

Pombe isemwe wazi. Msimu wa mabibo, uraka, pombe ya maji ya mabibo yaliyochachuka, unapatikana kila kona na nipa ni rahisi kuliko soda. Anayelewa apoteze kipindi cha siku hiyo, asipoteze nafasi. Ukimfukuza moja kwa moja, umemrudisha ghalani usiku. Lakini akianza kusema hana haja ya kuishi, akigawa vitu vyake, akiaga watu bila safari, hilo si la mwenyekiti wa kitongoji. Asiachwe peke yake, silaha, panga na viuatilifu vya mikorosho viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au Ndanda kwa walio karibu na huko. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya namba yake iandikwe kwenye daftari la mafunzo kabla ya siku ya kwanza.

Na ratiba. Msiweke vipindi vyake Oktoba hadi Desemba, kila mtu yuko korosho. Miezi ya kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, asubuhi zote zimekwenda shambani. Januari hadi Aprili mvua, na vimbunga huweza kuja hadi Mei, kwa hiyo mazoezi ya kuhama yawe yameshafanyika. Nafasi iliyobaki ni ndogo: Jumamosi sita za Agosti na Septemba, jando likiwa limepungua. Majina ya wakongwe yakusanywe mapema, wiki ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, wakati wengi wao wanajitokeza wenyewe na nishani zao zimeshafutwa vumbi.